Akili mnemba ikikuandikia msimbo, unajifunza nini?

Februari 2024, katika mkutano wa serikali mbalimbali uliofanyika Dubai, Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, kampuni inayotengeneza chipu zinazoendesha akili mnemba, alisema kuwa kwa miaka mingi watu wamehimizwa kuwafundisha watoto kuandika programu za kompyuta, lakini yeye anaona kinyume chake. Kwa maoni yake, kazi ya kampuni kama yake ni kutengeneza kompyuta ambazo hakuna atakayelazimika kuziandikia programu, kwa kuwa zitaamriwa kwa lugha ya kawaida ya binadamu. Mwaka mmoja baadaye Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, alieleza mtindo mpya aliokuwa akiujaribu: anaiambia akili mnemba anachotaka, anakubali ilichoandika bila kukisoma, na kosa likitokea anairudishia ujumbe wa kosa hilo ijirekebishe yenyewe.

Kauli hizo zilienea haraka kuliko maelezo yaliyoandamana nazo. Karpathy alitaja wazi kuwa mtindo huo unafaa kwa miradi midogo ya mwisho wa wiki, na yeye mwenyewe ni mtu aliyeandika programu kwa miaka mingi. Sehemu hiyo haikufika mbali. Kilichobaki masikioni mwa anayeanza ni mashauri mawili yanayogongana: huku anaambiwa asijichoshe kwa kuwa mashine inaandika yenyewe, kule anaambiwa akizigusa tu zana hizo hatajua kitu.

Mashauri yote mawili yanachanganya shughuli mbili zinazofanana kwa nje: kutengeneza programu, na kujifunza kutengeneza programu. Ya kwanza inaacha kitu kwenye kompyuta, ya pili inaacha kitu kichwani. Kwa miongo mingi hukuweza kufika kwenye ile ya kwanza bila kuipitia ya pili, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuzitenganisha. Sasa zimetengana, na mkanganyiko wote unaanzia hapo.

Maneno yenyewe kwanza

Msimbo ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo kompyuta inaweza kuifuata, kama vile Python au JavaScript. Msimbo ukikamilika ukafanya kazi fulani, tunauita programu. Hitilafu ni pale programu inapofanya kitu tofauti na ulichokusudia, na kusaka hitilafu ni kazi ya kutafuta kwa nini. Kazi hii ya mwisho haionekani na haisifiwi, ila ndiyo inayokula sehemu kubwa ya muda wa anayeandika programu, na ndiyo tutakayoirudia sana katika makala haya.

Zana za akili mnemba za kuandika msimbo ziko za namna tatu. Ipo inayokamilisha: unaandika mstari mmoja, nayo inapendekeza mistari inayofuata. GitHub Copilot, iliyoonyeshwa mwaka 2021 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022, ilianza hivyo. Ipo ya mazungumzo, kama ChatGPT iliyotoka tarehe 30 Novemba 2022: unauliza, inajibu, unanakili. Na ipo ya karibuni zaidi, inayofanya kazi kama wakala. Huyu unamkabidhi kazi nzima. Anafungua mafaili, anaandika, anaiendesha programu, anasoma makosa, anarekebisha, kisha anakuletea ripoti.

Namna zote tatu zinategemea kitu kimoja, modeli ya lugha. Hii ni programu iliyolishwa maandishi na misimbo mingi mno hadi ikaweza kukisia kipi kinafuata baada ya kipi. Ukiiuliza, inatunga jibu kipande kwa kipande kutokana na ruwaza ilizojifunza, ndiyo maana jibu sahihi na jibu la uongo hutoka kwa sauti ileile ya kujiamini. Mara nyingine inakuelekeza upakue maktaba ya msimbo, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili utumike tena, ambayo haijawahi kuwepo. Watafiti wa usalama wameonya kuwa mhalifu anaweza kulisajili jina hilo la kubuni, akaweka humo msimbo wake wenye madhara, na kusubiri atakayelifuata.

Kinachojengeka kichwani

Watu wengi hudhani kujifunza kuandika programu ni kukariri alama na maneno ya lugha fulani. Alama ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kuwa na picha ya mashine kichwani: kuweza kuutazama mstari wa msimbo na kuona kompyuta itafanya nini ukifika zamu yake. Tazama mistari hii minne ya Python:

alama = [70, 45, 88]
nakala = alama
nakala.sort()
print(alama)

Mstari wa kwanza unatengeneza orodha ya alama tatu za mtihani. Wa pili unaonekana kuinakili. Wa tatu unaipanga ile nakala kuanzia ndogo hadi kubwa. Wa nne unaonyesha orodha ya awali kwenye skrini. Itaonekanaje? Wengi wanaoanza hujibu 70, 45, 88, kwa hoja kwamba iliyopangwa ni nakala. Kompyuta inaonyesha 45, 70, 88.

Sababu ni kwamba katika Python jina halina orodha ndani yake. Linaelekeza tu mahali orodha ilipo. Mstari wa pili haukuzaa orodha mpya. Uliipa orodha ileile jina la pili, kwa hiyo aliyeipanga kupitia jina moja ameipanga kwa yote mawili.

Mwanafunzi anayekutana na jambo hili peke yake ana kazi mbele yake. Anaona alama zimevurugika na hajui wapi. Anashuku mahali pasipo na kosa. Anaweka amri za kuonyesha thamani kila baada ya mstari, anaendesha tena, anaona orodha imebadilika mahali ambapo yeye hakuigusa, na hapo anagutuka. Saa nzima inaweza kuwa imepita. Anachoondoka nacho ni picha iliyosahihishwa, na thamani yake inazidi sana dawa ya kosa lile moja. Picha hiyo itamweleza baadaye kwa nini orodha aliyoikabidhi kwa fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina, kinachofanya kazi fulani kikiitwa) ilirudi imebadilika, kwa nini jedwali lake la safu na nguzo linabadilika safu zote akigusa moja, na mambo mengine ambayo hakuna aliyemfundisha.

Sasa mchukue mwanafunzi yuleyule mwenye picha ileile yenye kasoro, umpe zana ya akili mnemba. Anaandika kwa maneno yake: nipangie alama hizi bila kuiharibu orodha ya awali. Zana inamletea mstari mmoja safi, nakala = sorted(alama), ambao kweli unatengeneza orodha mpya. Programu inafanya kazi na mwanafunzi anasonga mbele. Zana haikumdanganya chochote, na msimbo iliompa ni mzuri kuliko ambao angeuandika mwenyewe. Lakini imani yake kwamba nakala = alama hunakili iko palepale, haijaguswa, kwa sababu hakuna kilichoipinga.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha suala zima. Kosa lako ndiyo nafasi ambayo picha yako ya mashine inapimwa na mashine yenyewe. Zana inayokuzuia kukosea inakuzuia pia kupimwa, na unaweza kwenda mbali sana, ukiwa na programu nyingi zinazofanya kazi, kabla hujagundua kuwa hujawahi kupimwa.

Majaribio yaliyofanywa yanasema nini

Takwimu nyingi zinazorushwa katika mjadala huu zinahusu kasi, na kasi ni swali jingine. Kuna jaribio la mwanzoni ambapo waandishi wa programu 95 walipewa kazi ya kutengeneza seva ndogo, yaani programu inayojibu maombi ya kompyuta nyingine, kwa JavaScript. Waliokuwa na Copilot walimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 55.8. Mwaka 2025 METR, taasisi inayopima uwezo wa akili mnemba, iliwafuatilia wataalamu 16 wakifanya kazi 246 katika miradi mikubwa waliyoizoea, na ikakuta kinyume: walipotumia akili mnemba walichelewa kwa asilimia 19. La kushangaza zaidi, baada ya kumaliza wataalamu hao waliamini kuwa zana ziliwaharakisha kwa asilimia 20. Majaribio hayo mawili hayapingani sana kama yanavyoonekana, maana moja linahusu kazi mpya na ndogo, jingine linahusu msimbo mkubwa ambao mwenyewe anaujua nje ndani. Ila hakuna hata moja lililouliza mtu amejifunza nini. Ninalolichukua kutoka kwa METR ni hili: hata mtaalamu hawezi kutegemea hisia yake kujua kama zana inamsaidia. Anayeanza ana sababu zaidi ya kutoiamini hisia hiyo.

Yaliyopima kujifunza ni machache, na yanastahili kusomwa kwa utulivu. Nchini Uturuki, watafiti waliwapa wanafunzi wa sekondari karibu 1,000 zana ya akili mnemba katika mazoezi ya hisabati. Kundi lililopewa zana ya kawaida, ile inayojibu kila kinachoulizwa, lilifanya mazoezi vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wasiokuwa nayo. Zana ilipoondolewa na mtihani ukaja, kundi hilohilo lilipata alama za chini kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la tatu lilipewa zana iliyozuiwa kutoa majibu, inayotoa vidokezo tu. Hilo lilifanya vizuri zaidi katika mazoezi, na kwenye mtihani madhara yale karibu yote yalitoweka. Hisabati si kuandika programu, lakini aina ya kazi inafanana: tatizo lenye hatua, ambalo jibu lake linaweza kunakiliwa bila hatua zake.

Upande wa programu zenyewe, kampuni ya Anthropic, ambayo nayo huuza zana za aina hii, ilichapisha mwanzoni mwa 2026 jaribio la watu 52 waliokuwa wakijifunza maktaba ya Python wasiyoijua. Nusu walikuwa na msaidizi wa akili mnemba. Baada ya kazi wote walipewa maswali. Waliofanya kazi kwa mkono walipata wastani wa asilimia 67, waliosaidiwa wakapata 50, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwenye maswali ya kusaka hitilafu. Muda waliookoa waliosaidiwa ulikuwa mdogo mno kuweza kuhesabiwa kuwa tofauti ya kweli. Ndani ya kundi lililosaidiwa, hata hivyo, hawakuwa sawa. Waliomkabidhi msaidizi kazi nzima walikuwa mkiani, na waliomtumia kuuliza maswali ya uelewa walikaribia wale wa mkono.

Wapo watakaosema kesi imekwisha. Bado, kwa sababu jaribio jingine lilileta matokeo ya upande wa pili. Mwaka 2023 watafiti waliwafundisha watoto na vijana 69, wa umri wa miaka 10 hadi 17, misingi ya Python. Nusu walikuwa na zana inayowaandikia msimbo. Walimaliza kazi nyingi zaidi kwa alama bora, na wiki moja baadaye, bila zana, hawakuwa nyuma ya wenzao. Jibu la tofauti hii nadhani limo katika namna somo lilivyopangwa: kila baada ya kazi ambayo zana iliruhusiwa, ilifuata kazi ya kuubadilisha msimbo huo kwa mkono, bila zana. Mtoto alipewa msimbo, kisha akalazimika kuuingia ndani. Naona kilicholeta tofauti ni kilichodaiwa kwa mwanafunzi baada ya zana kumaliza kazi yake.

Imani tatu zinazopotosha

Ya kwanza inasema: hii ni hatua ya kawaida ya maendeleo, kama zile zilizotangulia. Historia hiyo ni ya kweli. Mwaka 1952 Grace Hopper alitengeneza A-0, mojawapo ya kompaila za mwanzo kabisa, yaani programu za kutafsiri maagizo kuwa lugha ya mashine, na wapo waliokataa kuamini kuwa kompyuta inaweza kufanya hivyo. Ikaja FORTRAN mwaka 1957, na watu wakaacha kuandika lugha ya mashine kwa mkono bila hasara kubwa. Kwa nini basi tusiache kuandika Python kwa mkono?

Tofauti iko kwenye kuaminika. Kompaila ukiipa maagizo yaleyale itatoa matokeo yaleyale leo na kesho, na lugha inayoipokea haina utata. Ndiyo maana hakuna anayekagua kazi yake mstari kwa mstari. Modeli ya lugha inapokea sentensi ya binadamu, na sentensi ya binadamu ina mapengo. Chukua ombi la kawaida: niandikie fanksheni ya kutafuta wastani wa alama. Zana inaandika hivi:

def wastani(alama):
    jumla = 0
    for a in alama:
        jumla = jumla + a
    return jumla / len(alama)

Inapita kwenye orodha, inajumlisha, inagawa kwa idadi. Ni sahihi hadi siku orodha itakapokuja tupu. Hapo itagawa kwa sifuri, na programu itakatika. Ukiilalamikia zana, inaweza kukuongezea mstari unaosema: orodha ikiwa tupu, rudisha 0. Programu haikatiki tena, na kila kitu kinaonekana shwari. Lakini sasa darasa ambalo halijafanya mtihani linaingia kwenye ripoti likiwa na wastani wa sifuri, sawa na darasa ambalo wote wamefeli. Hitilafu iliyokuwa ikipiga kelele imegeuka hitilafu iliyonyamaza. Anayeujua msimbo anausoma mstari ule mpya na kujiuliza mara moja: wastani wa watu wasiokuwepo ni nini, na nani ataisoma namba hii? Swali hilo halimo kwenye Python. Linatoka kwa mtu aliyewahi kuumizwa na sifuri ya aina hiyo, na kompaila haikuwahi kumlazimisha mtu aliulize kwa niaba yake.

Usalama unafuata mkondo huohuo. Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford waliwapa watu 47 kazi zinazohusu usalama wa programu. Waliokuwa na msaidizi wa akili mnemba waliandika msimbo wenye mianya zaidi, na wakati huohuo waliamini zaidi kuwa msimbo wao ni salama.

Imani ya pili ni ya upole zaidi, na kwa hiyo inanasa wengi: mimi sinakili tu, nausoma msimbo nikaelewa, kisha nauweka. Kusoma ni kuzuri. Ila kuelewa kilicholetwa na kuweza kukitoa mwenyewe ni uwezo wa aina mbili. Wengi wetu tuna lugha tunayoisikia vizuri tu, tunafuata mazungumzo, tunacheka mahali pa kuchekea. Siku tukitakiwa kuizungumza, maneno hayaji. Sikio limefundishwa, ulimi haujafundishwa. Mwaka 1978 wanasaikolojia Slamecka na Graf walionyesha jambo hili kwa maneno tu: watu hukumbuka vizuri neno walilolitoa wenyewe kutokana na kidokezo kuliko neno lilelile walilolisoma likiwa kamili. Msimbo wa akili mnemba una ubaya wa ziada hapa, kwa sababu umeandikwa vizuri. Majina yanaeleweka, mpangilio umenyooka, maelezo yamewekwa pembeni. Kila mstari unaonekana ni wa lazima, na msomaji anahisi angeuandika hivyohivyo. Hisia hiyo haina ushahidi hadi ukurasa mtupu uwekwe mbele yake.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, watafiti walikaa na wanafunzi 21 wa mwanzo, mmoja mmoja, wakifuatilia hata mwendo wa macho yao kwenye skrini. Waliokuwa na msingi walitumia zana kuharakisha kile walichokwisha kukifikiria, na walipuuza mapendekezo mabaya. Waliokuwa wakihangaika walimaliza kazi pia, wengi wao, lakini waliondoka wakiamini wameelewa kuliko walivyoelewa. Nalitilia uzito hili kuliko takwimu za kasi, kwa sababu linaonyesha zana ileile inaweza kumpandisha mmoja na kumficha mwingine udhaifu wake, huku kwa nje wote wawili wamefaulu.

Imani ya tatu inatoka kwetu tuliojifunza kabla ya zana hizi: bila mateso hakuna kujifunza. Hapa napingana na wenzangu wengi. Mateso mengi tuliyoyapitia hayakutufundisha kitu. Siku mbili za kushindwa kusakinisha programu, saa nzima ya kutafuta mabano yaliyosahaulika, ujumbe wa kosa wa Kiingereza kigumu usioeleweka hata na anayekijua Kiingereza. Hayo yaliwafukuza watu wengi ambao wangekuwa wataalamu wazuri. Mwaka 1985 Sweller na Cooper walionyesha katika aljebra kuwa wanaoanza hujifunza vizuri zaidi wakichambua mifano iliyokwisha kutatuliwa, wakichanganya na mazoezi, kuliko kuachwa watatue kila kitu wenyewe. Kichwa cha anayeanza kina nafasi ndogo ya kushikilia mambo mapya kwa wakati mmoja, na tatizo kubwa mno linaijaza nafasi hiyo bila kuacha pa kujifunzia.

Kwa hiyo ugumu uko wa aina mbili. Ule unaohusu jambo unalojifunza una faida, na ule unaosimama tu njiani hauna. Akili mnemba ni msaada mkubwa mno kwenye huu wa pili. Inaweza kukueleza ujumbe wa kosa kwa lugha unayoifikiria, ikatunga mifano mitano ya jambo usilolielewa, ikarudia maelezo kwa mara ya nane bila kukuonyesha kuchoka. Mtu asiye na mwalimu wala rafiki wa kumuuliza hajawahi kuwa na kitu kama hiki, na kumwambia asikiguse kwa jina la ukakamavu ni kumnyima haki yake.

Jinsi ya kuitumia unapojifunza

Linalobadilisha matokeo kuliko yote ni mpangilio: jaribu kwanza, uliza baadaye. Andika toleo lako, hata likiwa baya, hata lisipoendeshwa. Ukishaandika, una kitu cha kulinganisha, na maelezo ya zana yanapata mahali pa kushika. Kuuliza kabla ya kujaribu kunaondoa hatua ambayo picha yako ya mashine ingejitokeza na kusahihishwa.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. "Niandikie" inaleta msimbo. "Usiniandikie msimbo, niambie tu kosa langu liko kwenye wazo au kwenye uandishi" inaleta kidokezo. Harvard ilifuata njia hiyo mwaka 2023 katika kozi yake ya utangulizi, CS50, inayoongozwa na David Malan: wanafunzi walizuiwa kutumia ChatGPT na zana kama hizo, wakapewa msaidizi wa kozi mwenye sura ya bata, aliyetengenezwa awaelekeze bila kuwakabidhi jibu. Zana ya kawaida nayo hutii ukiiagiza hivyo mwanzoni, ingawa baada ya muda huteleza na kuanza kuandika. Ikumbushe.

Ile inayokamilisha mistari ndani ya programu ya kuandikia msimbo, naona heri anayeanza aizime kabisa kwa miezi ya mwanzo. Ya mazungumzo inakusubiri uulize. Hii inajibu kabla hujafikiria. Unaandika neno moja na wazo la mtu mwingine limekwisha kutokea mbele ya macho yako kwa rangi hafifu, na kutoka hapo ni vigumu sana kupata la kwako.

Kabla ya kuendesha msimbo wowote, wako au wa zana, sema kwanza utaonyesha nini. Sema kwa sauti au uandike kwenye karatasi. Ukipatia, endelea. Ukikosea, umepata kile kilichokosekana kwa mwanafunzi wetu wa orodha mbili: mahali hasa ambapo picha yako na mashine vinatofautiana. Na zana ikiwa imekuandikia kitu kinachofanya kazi, kibadilishe kwa mkono kabla ya kukiacha, kama walivyofanya wale vijana waliokuwa na zana. Ongeza sharti, geuza mpangilio, kiharibu makusudi uone kinavyoharibika.

Walimu nao wana la kubadilisha. Mapema mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya kuipa modeli iitwayo Codex maswali ya mtihani wa kozi ya utangulizi. Kati ya wanafunzi 71 ingeshika nafasi ya 17, na modeli za leo zimeiacha mbali. Kazi ya nyumbani inayorudishwa ikiwa imekamilika haisemi tena chochote kuhusu aliyeirudisha. Dakika tano za kumwambia mwanafunzi abadilishe kitu kimoja katika programu yake mwenyewe, mbele yako, zinasema mengi.

Linabaki swali ambalo wengi huliuliza kwa hofu: lini basi naweza kuiacha iandike? Jibu halifuati miezi wala cheti. Linafuata somo lililo mbele yako. Wiki unayojifunza orodha na fanksheni, ziandike wewe, na umwachie wakala rangi na vitufe vya ukurasa utakaozionyesha. Ukifika wiki ya kujifunza kupanga kurasa, geuza: orodha ulizokwisha kuzimudu aziandike yeye, nawe uzisome kwa jicho la mtu anayejua zinapovunjika, kisha kaa na ule ukurasa mwenyewe mpaka uelewe kwa nini kitufe kimekataa kwenda kulia.